Usiloweke maganda ya risasi kwenye dawa yenye amonia

Acha. Usimimine. Umeandika kwamba una ndoo ya maganda ya shaba njano yaliyokwisha kupigwa, unataka kuyasafisha uyajaze upya, na umepata dawa ya kung'arishia shaba yenye harufu "inayopanda mpaka kwenye ubongo". Tena machache umeshayaloweka usiku kucha kwa majaribio. Halafu ukauliza mambo ya mashine ya kuzungushia maganda yasuguliwe, na ya fataki, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda. Hayo yatasubiri. Harufu hiyo ni amonia, mkuu, na amonia na ganda la risasi havikai nyumba moja.

Mimi nililoweka akiba yangu yote. Yalitoka yanametameta hadi nikayapiga picha. Ndiyo, nilipiga picha maganda; mnaocheka, chekeni mmalize. Maji yalikuwa yamegeuka bluu, nami nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Ilikuwa shaba yenyewe inayeyuka, maana amonia ikikutana na shaba penye hewa hutoa bluu hiyo nzito. Ganda lilikuwa linaniaga, mimi nashangilia.

Nikasuuza, nikakausha, nikayabana kurudi kwenye kipimo, nikayajaza, nikayafungia kabatini. Siku nafungua boksi naona ufa mwembamba kwenye shingo ya risasi ya kwanza. Nikachukua ya pili, nayo vilevile. Nyingine ufa ulikuwa umeshuka mpaka begani. Hakuna aliyezigusa wala kuziangusha. Zilipasuka zenyewe zikiwa zimelala. Ikabidi nizifungue zote moja moja, natoa vichwa, namwaga baruti, huku nikijitukana kimoyomoyo. Maganda yote yakaenda kwenye chuma chakavu, hata yaliyoonekana mazima, kwa sababu ufa ulioanzia ndani huuoni kwa macho.

Sababu yake si uchawi. Shaba njano ya maganda ni takriban 70% shaba nyekundu na 30% zinki. Ganda hutengenezwa kwa kuvutwa na kubanwa, na kule kubanwa huacha mkazo ndani ya metali. Kiwandani shingo hupashwa moto ili mkazo upungue, ndiyo maana maganda mengi ya bunduki za rifle huja yakiwa na kivuli cheusi shingoni. Sasa wewe kila ukipiga na kubana upya, mkazo unarudi. Amonia inapenya kati ya chembe za metali, palepale penye mkazo, na kuzitenganisha. Jeshi la Waingereza kule India lilikuta risasi zake zinapasuka msimu wa mvua zikiwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na mpaka 1921 ndipo ikaelezwa sawasawa kwamba mchawi ni amonia ya mkojo wa farasi. Zile hazikulowekwa popote. Zilipata hewa ya zizini tu! Wewe unataka kuzamisha ndoo nzima.

Aliyeniingiza mjini ni mzee mmoja wa uwanja wa shabaha, yule mwenye jibu kabla hujamaliza swali. "Bibi yangu alisugua taa zake kwa dawa hii maisha yake yote, haikupasuka hata moja." Shikamoo babu, lakini taa ya bibi haikuwahi kubeba shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara 3,000. Ganda likiachia upande wa kitako, gesi ya moto inarudi kwa mpigaji, yaani usoni. Nilipompelekea maganda yaliyopasuka akasema sikusuuza vizuri. Sikusuuza vizuri! Na watakuja hapa chini wengine kusema wao hupaka haraka na kufuta, hawajawahi kupata shida. Waendelee, macho ni yao.

Kwa hiyo soma lebo. Ukiona amonia, au neno lolote linaloanzia na "amoni", hiyo si ya maganda. Haina lebo? Si ya maganda. Usiniambie utaichanganya na maji, wala kwamba utatia matone tu kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yale yanayosugua maganda ndani ya mashine. Dawa za kufutia vioo nazo zitazame, nyingi zina mambo hayohayo.

Tumia maji ya moto, sabuni ya vyombo na asidi ya sitriki kidogo, dakika chache tu. Suuza, kausha mpaka ndani. Siki nayo husafisha, lakini ukiisahau inakula zinki na ganda linabaki na rangi ya waridi. Likifika hapo litupe. Madoa meusi yasikunyime usingizi, ganda safi lisilong'aa linapiga vilevile. Huo mng'ao ndio uliotuponza.

Mashine... magunzi makavu yanatosha, ila vumbi lake lina risasi ile ya madini (lead) inayotoka kwenye fataki, usilichekeche ndani ya nyumba na usilivute. Mengine uliyouliza wenye subira watakujibu.

Yale machache uliyoloweka usiyajaze. Hakikisha kwanza fataki zake zimeshalipuka, kisha yaponde midomo kwa koleo ili yasije yakajichanganya na mazima, uyatupe kwenye chuma chakavu leo hii.