Ikweta yapita kwetu: je, anga iliyo juu yake ni yetu?

Swali: Hapa Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuna alama ya ikweta. Nasikia setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari huo. Mbona kampuni zake hazilipi Kenya? Na kampuni za mataifa tofauti zikigombana huko juu, vita haviwezi kuzuka? (Msomaji, Maseno)

Jibu: Kenya iliwahi kudai. Tarehe 3 Desemba 1976 mjini Bogotá, Kenya, Uganda, Kolombia na nchi nyingine za ikweta zilitangaza kuwa sehemu ya njia ya setilaiti hizo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Njia yenyewe iko takriban kilomita 35,786 juu. Setilaiti huko huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi ikishalengwa haigeuzwi tena. Dai halikukubaliwa, kwani kifungu cha 2 cha Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 chakataza nchi yoyote kujimilikisha anga hiyo. Nafasi za setilaiti husajiliwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, Geneva. Serikali ndiyo huwasilisha ombi kwa niaba ya kampuni, anayetangulia hupewa kipaumbele, na masafa ya redio yasipoanza kutumika ndani ya miaka 7 haki hupotea. Kwa nchi zilizochelewa, utaratibu huu ni mkali mno.

Kuhusu vita, hofu yako ina msingi. Kifungu cha 6 cha mkataba huo wa 1967 kinaibebesha serikali jukumu la yanayofanywa na kampuni zake, kwa hiyo ugomvi wa biashara hugeuka upesi kuwa wa madola. Desemba 2021 China iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba kituo chake cha anga kililazimika kukwepa setilaiti za Starlink, za kampuni ya Kimarekani SpaceX, mara mbili, Julai na Oktoba. Iliyolaumiwa ni Marekani, nayo ikakana kuwa palikuwa na hatari kubwa. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni setilaiti za biashara kuhudumia majeshi. Oktoba 2022 mwakilishi wa Urusi alitamka katika Umoja wa Mataifa kwamba hizo zinaweza kushambuliwa kwa kulipiza kisasi. Na ikipigwa moja, vipande havichagui bendera: Novemba 2021 Urusi ilipoilipua setilaiti yake yenyewe, Kosmos 1408, vilitapakaa vipande zaidi ya 1,500 vya kuweza kufuatiliwa kutoka ardhini, na wanaanga wa kituo cha kimataifa, Warusi wakiwemo, wakakimbilia vyombo vyao vya kurudia duniani.

Swali: Chuma cha roketi kikiangukia shamba langu Njoro, nani atalipa?

Jibu: Nchi iliyokirusha, hata bila kuthibitishwa uzembe, ndivyo unavyosema mkataba wa fidia wa 1972. Usikiguse, huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Piga picha ukiwa mbali, kisha uarifu chifu au polisi ili Shirika la Anga za Juu la Kenya likichukue, kama lilivyoichukua pete ya chuma ya takriban kilo 500 iliyoanguka Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Orodhesha hasara mapema: dai hupitia serikalini, na muda wake ni mwaka 1 tangu siku ya uharibifu au tangu nchi husika ijulikane.