Amepandikizwa nani, moyo au mgonjwa?

SWALI: Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro. Huwa nafupisha habari mpya za tiba kwa Kiswahili na kuzibandika kwenye ubao wa wodi yetu. Juzi niliandika: "Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa moyo wa nguruwe aliyerekebishwa jeni (chembe za urithi) aliishi miezi miwili." Mwenzangu akanisahihisha. Anasema kupandikiza ni kwa miche ya mpunga, binadamu hubadilishwa moyo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kitenzi ulichochagua ni sahihi, usikifute. Ni kweli tumekitoa shambani. Mkulima wa mpunga hung'oa mche kitaluni akauchomeka jarubani, nao ama hushika ama hunyauka. Moyo nao hutolewa ulikokuwa ukashonwa kwingine, na mwili mpya ama huupokea ama huukataa. Waliolichukua neno hili wakalipeleka hospitali walikuwa na sikio zuri. Kubadilisha kunafaa zaidi kwa valvu, kile kilango cha damu ndani ya moyo: iliyoharibika inatoka, inaingia nyingine. Tena "amebadilishwa moyo" kwa Mswahili ni mlevi aliyeacha pombe au mwizi aliyetubu, si mtu aliyetoka chumba cha upasuaji.

Swali lako limekwisha hapo. Ila kuna kosa ambalo limenikera kwa miaka, na mmelifanya nyote wawili, wewe kwa "kupandikizwa" na mwenzako kwa "kubadilishwa". Nalisoma magazetini, nalisikia redioni kwenye taarifa ya habari, na sasa limefika wodini, mahali ambapo Kiswahili cha tiba kilikuwa bado kizima.

Kinachopandikizwa ni kile kinachohamishwa. Mche hupandikizwa jarubani. Mamluki hupandikizwa ndani ya chama. Chuki hupandikizwa katika nyoyo za watu. Sasa ukiniambia mgonjwa amepandikizwa, nakuuliza: amepandikizwa wapi? Mgonjwa hakuhama, yuko kitandani palepale. Uliohama ni moyo. Basi moyo umepandikizwa, mgonjwa amepandikiziwa. Hiyo -i- ndogo katikati ndiyo inayotuambia nani kafanyiwa na nini kimefanywa. Ukiitoa, umemgeuza mgonjwa kuwa kiungo.

Kama huniamini, sikiliza wodi yako mwenyewe. Mgonjwa akiishiwa maji, mnasemaje? Ametundikiwa dripu. Hakuna muuguzi atakayemwambia mama aliyekuja na chakula kwamba mwanawe ametundikwa. Mama ataangusha chakula. Kinachotundikwa ni chupa, juu ya kile chuma, mtoto ametundikiwa. Mwenye moyo unaopiga polepole amewekewa betri, hajawekwa. Aliyepoteza damu wakati wa kujifungua ameongezewa damu. Huyo mama naye amempikia mwanawe uji, kwa hiyo mtoto amepikiwa uji. Sema "mtoto amepikwa uji" uone watu watakavyokutazama. Sarufi hiyo mnayo nyote, mnaitumia tangu asubuhi bila kufikiri, mpaka mkifika kwenye moyo na figo ndipo mnaiacha mlangoni.

Najua mtetezi atasema nini, kwa sababu nimeshaandikiwa mara nyingi. "Mbona twasema amekatwa mguu, ameng'olewa jino, amechomwa sindano?" Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu. Mguu ni wa mgonjwa, jino ni lake. Ukikata mguu wake umemkata yeye mwenyewe, ndiyo maana lugha inakuruhusu kumtaja yeye kwanza. Sindano ni chombo tu. Aliyechomwa ni yeye. Lakini moyo unaoletwa kutoka kwa mtu mwingine si wake mpaka ushonwe. Unamjia. Na kwa kile kinachomjia mtu, Kiswahili kinadai kauli ya kutendewa: kuletewa, kuwekewa, kushonewa, kupandikiziwa.

Upasuaji wa kwanza kabisa wa aina hii ungetosha kufundishia somo hili darasani. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, vyumba viwili vya upasuaji vilivyopakana vilikuwa na wagonjwa wawili. Kimoja alikuwamo Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari na ubongo wake ukaharibika kabisa. Cha pili alikuwamo Louis Washkansky, muuza vyakula ambaye moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari Christiaan Barnard na wenzake walifanya nini? Andika kwa Kiswahili: Darvall alitolewa moyo. Washkansky naye alitolewa moyo. Kisha Washkansky akapandikiziwa moyo wa Darvall. Wawili wametolewa, mmoja amepandikiziwa, na msomaji hapotei. Sasa andika kwa mtindo wa magazeti, "Washkansky alipandikizwa," uone jinsi mtu unayemweleza anavyogeuka kuwa kitu kilichobebwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwa kuwa dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo mpya ziliudhoofisha usiweze kupambana na maambukizi. Mtu aliyepita njia hiyo wa kwanza anastahili sentensi iliyonyooka.

Kosa limetokana na nini? Nadhani ni ule mwisho wa -iza. Sikio likisikia "pandikiza" linadhani ni kama "lisha" na "visha", na kwa kuwa mtoto hulishwa wali na bibi harusi huvishwa pete, basi mgonjwa apandikizwe moyo. Lakini anayelishwa ndiye anayekula, na anayevishwa ndiye anayevaa. Mgonjwa aliyepandikiziwa hapandi chochote. Sababu ya pili ni uvivu wa ulimi: neno "amepandikiziwa" ni refu. Refu ndiyo, lakini "ameidhinishiwa" na "amekabidhiwa" tunazitamka kila siku ofisini wala hatulalamiki.

Tena wakati wa kulegeza kamba umepita. Utafiti wa siku hizi unahitaji viambishi hivi kuliko zamani. Kule Toronto, ambako mwaka 1983 mgonjwa alipandikiziwa pafu moja akaishi miaka kadhaa, madaktari walibuni njia ya kuyafufua mapafu yaliyodhaniwa hayafai. Pafu huwekwa ndani ya kuba la plastiki, hupitishiwa maji maalumu yenye joto la mwili, hupuliziwa hewa, hupimwa kwa saa kadhaa. Likionekana limepata nguvu, ndipo linatafutiwa mtu wa kupandikiziwa. Mwaka 2014 hospitali ya St Vincent's ya Sydney ilipandikiza mioyo iliyokuwa imekwisha kusimama: ilitiwa kwenye mashine, ikapitishiwa damu ya moto, ikaanza kupiga tena. Hesabu mwenyewe: kupitishiwa, kupuliziwa, kutafutiwa, kupandikiziwa. Asiyejua -i- hizo hawezi kumweleza mtu lolote kuhusu kazi hizi.

Huyo wa moyo wa nguruwe, David Bennett, alipandikiziwa mjini Baltimore, Marekani, tarehe 7 Januari 2022, baada ya nguruwe huyo kuzimwa jeni zake nne na kutiliwa sita za binadamu. Hapa "kuzimwa" ni sawasawa, maana jeni hizo nne ni za nguruwe mwenyewe; zile sita zilimjia, ndiyo maana katiliwa. Wale waliopewa moyo wa titani, mashine inayosukuma damu badala ya msuli, napendelea tuseme "wamewekewa". Titani haishiki mizizi. Kupandikiza tukuache kwa kilicho hai.

Na msidhani neno hili ni la habari za ng'ambo tu. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017. Kuna watu wanaoshuka kwenye daladala Dar es Salaam asubuhi hii wakiwa wamepandikiziwa figo ya dada au kaka.

Kuhusu "mchangiaji", jina la anayetoa kiungo, ambalo naona umelitumia chini ya habari yako: kuchanga ni watu wengi kutia kidogo kidogo, ndiyo maana neno hilo linakaa vizuri kwenye damu. Aliyetoa moyo hakuchanga, ametoa wote. Ningependa "mtoaji". Lakini "mchangiaji" limekwisha kuzoeleka, halimpotoshi mtu, na Darvall huyo huyo alitolewa pia figo iliyomwendea mtoto wa miaka 10, kwa hiyo ukisema alichangia sitakugombeza. Libakize ubaoni, urekebishe ile -i- peke yake.