Maswali ya nyumba: mkopo wa benki, barua ya mtaa na bei ya kwenye mkataba

Nina milioni 25 na benki iko tayari kunikopesha milioni 100 ninunue nyumba ya kupangisha. Kodi ya mpangaji si italipa mkopo wenyewe? (Kimara)

Haitalipa. Chukua riba ya asilimia 15 kwa miaka 15: rejesho la milioni 100 ni kama shilingi 1,400,000 kila mwezi, sawa na milioni 16.8 kwa mwaka. Nyumba ukiipangisha kwa laki sita, mwaka mzima unapata milioni 7.2. Toa mwezi mmoja ambao mpangaji ametoka na mwingine hajaingia, toa laki sita za rangi, mabomba na gari la majitaka, unabaki na milioni sita. Pengo ni milioni 10.8, yaani laki tisa kila mwezi, na zitatoka mfukoni mwako. Hapo bado sijagusa ada ya mkopo, tathmini, bima na gharama za kusajili rehani, ambazo zinadaiwa kabla hujakabidhiwa funguo.

Mkopo wa aina hii una maana kwa nyumba utakayoishi mwenyewe, maana unaacha kumlipa mtu kodi. Kwa biashara ya kupangisha, milioni 25 zako zitafute kiwanja kilichopimwa chenye hati, na kinachobaki kianze chumba na sebule chenye choo ndani. Kimalize, kipangishe, ndipo uanze kingine. Wengi wanamwaga msingi wa vyumba sita kwa mpigo, fedha inakatikia kwenye lenta, na pagale linakaa miaka nondo zikiliwa na kutu huku halijaingiza hata shilingi.

Kuna kiwanja Chanika, bei nzuri sana. Muuzaji ana barua ya serikali ya mtaa na anasema hati iko njiani. Nilipe? (Gongo la Mboto)

Swali hili haliishi, na jibu halibadiliki: usilipe bado. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba watu wawili wameuziana mbele yake, basi. Muhuri wake hauthibitishi kwamba kiwanja ni cha huyo anayeuza, wala kwamba hakijauzwa kwa wengine.

Kama hati iko njiani kweli, muuzaji atakuwa na namba ya kiwanja, ya kitalu na ya ramani ya upimaji. Nenda nazo ofisi ya ardhi ya halmashauri waziangalie. Akikupa hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, rehani (deni la benki juu ya kiwanja) kama ipo, na zuio la kukiuza kama lipo. Kisha mpeleke mpima ardhi uwanjani akutafutie bikoni zote, yaani alama za mipaka, kwa sababu watu wanauziwa kiwanja namba hii wakaonyeshwa kile cha jirani. Rudi jioni peke yako, bila dalali, uongee na majirani wa kila upande.

Muulize pia mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Kama mali ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa wa marehemu hakutoshi.

Dalali akikuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane na hela taslimu, mwache huyo mteja alipe.

Mwenye nyumba anataka nimlipe kodi ya pango kwa dola. (Masaki)

Hapana. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja au kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mkataba uandikwe kwa shilingi.

Mimi ni mpangaji, kwa nini LUKU yangu (umeme wa kulipia kabla) inakatwa kodi ya jengo? (Tabata)

Kwa sababu mita unaitumia wewe, ingawa kodi ni ya mwenye nyumba. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Tunza meseji za manunuzi, na mwandike kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango. Jengo moja likiwa na mita kadhaa na zote zinakatwa, mwenye nyumba apeleke namba za mita TRA, mamlaka ya mapato.

Nanunua nyumba kwa milioni 90. Muuzaji anasema tuandike 60 ili kodi ipungue. Kuna ubaya? (Kigamboni)

Upo, na mwingi unakuangukia wewe mnunuzi. Kwanza ni udanganyifu. Pili, hausaidii: uhamisho wa umiliki unapita kwa mthamini, na thamani iliyoidhinishwa ndiyo inayoangaliwa. Tatu, siku ukiuza, gharama yako kwenye makaratasi ni milioni 60, kwa hiyo utalipa asilimia 10 ya faida ya milioni 30 ambayo hukuipata, yaani milioni tatu. Na biashara ikivunjika mkafika mahakamani, utadai milioni 90 kwa mkataba gani?

Kodi hiyo ya faida ya kuuza, inayoitwa kodi ya ongezeko la mtaji, ni ya muuzaji, lakini asipoilipa uhamisho unakwama na wewe ndiye unayebaki bila hati. Kwa hiyo mlipe kupitia benki, na ubakize sehemu ya fedha mpaka jina lako lisajiliwe. Ushuru wa stempu, takriban asilimia moja, utenge mapema.

Wanaojenga nanyi tunzeni risiti za saruji, nondo, mabati na mafundi. Tangu 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei nzima au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi ni kubwa, hata kama faida yake ni ndogo.

Kuna kiwanja cha bei ya kutupa Goba, ila kiko karibu na mto. (Mbezi Beach)

Chukua futi kamba upime kutoka ukingoni. Ndani ya mita 60 hairuhusiwi kujenga, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Ukingo wenyewe unamomonyoka kila masika, kwa hiyo hata mita 70 za leo ni chache. Achana nacho.

Kampuni iliyopanga kwangu inanikata asilimia 10 ya pango. Wananiibia? (Sinza)

Hiyo ni kodi ya zuio, yaani kodi yako ya mapato inayokatwa na anayekulipa, na wanatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Dai cheti cha zuio chenye TIN yako (namba ya mlipakodi) kila wanapokata. Bila cheti huna cha kuonyesha siku TRA wakikuuliza.