Si kila fomula inataka alama ya dola

*Mwalimu, nauza vitenge soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Bei za dola ziko safu ya C, kiwango cha dola cha leo kiko F1. Nimeandika =C2*F1, jibu likatoka sawa. Nilipoburuta chini, sifuri tupu. Excel imeharibika?*

Haijaharibika, mama, imekutii. Ukishuka mstari mmoja, C2 inakuwa C3, na F1 nayo inakuwa F2. F2 haina kitu, kwa hiyo bei yako inazidishwa kwa sifuri. Andika =C2*$F$1 kisha buruta: C itashuka, F1 iliyofungwa kwa $ haitasogea.

Ila hukuniuliza hili, nami nalisema. Kama hilo ndilo daftari lako la mauzo, usifunge F1 hata kidogo. Dola ikipanda Alhamisi ukabadilisha F1, mauzo ya Jumatatu nayo yatageuka, na laha itakuonyesha faranga ambazo hukuzipokea. Hapo ndipo ndugu wanaanza kushtakiana wizi dukani. Weka kiwango cha siku katika safu ya D, kwenye kila mstari, halafu =C2*D2 bila alama yoyote. F1 iliyofungwa ni ya orodha ya bei za leo, basi.

*Fomula yangu inakataa. Nifanye nini?*

Fomula gani? Inakataa vipi? Kila mara naletewa swali hili hili. Tuma fomula yenyewe, herufi kwa herufi, pamoja na kosa unaloliona.

*Nikiweka $ ndani ya fomula, jibu litatoka kwa dola?*

Hapana.

*Bei zangu zimepangwa kwenda chini kwenye safu ya A, asilimia za faida zimepangwa juu, B1 hadi E1. Niandike fomula nne?*

Moja inatosha. Ndani ya B2 andika =$A2*(1+B$1), uburute kulia, kisha chini. $ mbele ya herufi inafunga safu. Mbele ya namba inafunga mstari. Usihangaike kuichapa: kishale kikiwa kwenye A2, bonyeza F4 mara kadhaa, itapita $A$2, A$2, $A2, irudi A2. Kwenye laptop nyingi ni Fn na F4 pamoja. Nimeshasema, sirudii tena. Na asilimia ziandikwe 20%, si 20, la sivyo kitu cha dola 10 utakiuza 210.

*Nikikopi fomula, seli zake zinabadilika. Nikikata na kubandika, hazibadiliki. Kwa nini?*

Kukata ni kuhamisha, na fomula iliyohama inaendelea kutazama seli zilezile. Chunga upande wa pili: ukikata seli yenye namba, fomula zinazoitegemea zitaifuata huko iendako.

*Nimefuata video ya Nairobi, nikaandika =SUM(B2:B9). Excel yangu ya Kifaransa inajibu #NOM?*

Yako inajua SOMME. Na pale video inapotenganisha vitu kwa koma, wewe weka nukta-mkato. Alama za $ ni zilezile kote. Ukipata faili lenyewe badala ya video, lifungue tu: majina ya fomula yatajigeuza yenyewe.