Kabla Lebo Yako Haijaweka Fedha za Mwisho Kwenye Albamu ya Jukwaani

Kwa miaka kadhaa nimesimamia bajeti za kurekodi katika lebo ndogo ya muziki, na wenye lebo zinazoyumba huniuliza mara kwa mara kama albamu iliyorekodiwa jukwaani inaweza kuwaokoa. Huwajibu kwamba inaweza, ila kwa lebo yenye tatizo la aina moja tu, yaani ile ambayo wasanii wake wanajaza kumbi huku rekodi zao zikidoda madukani.

Ndivyo ilivyokuwa Casablanca Records ya Neil Bogart huko Marekani. Kufikia mwaka 1975 lebo hiyo ilikuwa hoi kwa madeni, na bendi yake ya KISS ilikuwa imetoa albamu tatu za studio katika muda wa mwaka mmoja na ushee bila mauzo ya maana, ingawa umati kwenye maonyesho yake ulizidi kukua. Septemba mwaka huo ikatoka *Alive!*, albamu ya sahani mbili iliyotayarishwa na Eddie Kramer kutokana na maonyesho ya miji kadhaa, ukiwemo Detroit. Iliingia katika kumi bora za Marekani, na wimbo "Rock and Roll All Nite", ambao toleo lake la studio halikufika mbali miezi michache kabla, ukapanda hadi nafasi ya 12.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba hakuna atakayenunua tena nyimbo alizokwisha kuzisikia. Syd Nathan wa King Records alifikiri hivyohivyo alipokataa kugharimia rekodi ya James Brown katika ukumbi wa Apollo, New York. Brown akailipia mwenyewe Oktoba 1962, na albamu ikafika nafasi ya pili mwaka uliofuata. Mimi huona nyimbo zinazojulikana kuwa faida, kwa sababu hadhira inayoziimba pamoja na msanii ndiyo inayoitofautisha rekodi hiyo na ile ya studio.

Msijidanganye, hata hivyo, kwamba njia hii ni rahisi kwa gharama. Kila kipaza sauti kinapaswa kurekodiwa peke yake, na kazi ya kuchanganya sauti huchukua muda mrefu kuliko mnavyotarajia, kwa kuwa ngoma huvuja hadi kwenye kipaza sauti cha mwimbaji na haiondoki kirahisi. Rekodini zaidi ya usiku mmoja, maana kila usiku una wimbo wake ulioharibika. Bajeti ikibana, punguzeni taa na mapambo, lakini msiguse vipaza sauti vinavyoelekezwa kwa hadhira. Bila hivyo, ukumbi uliofurika husikika kama mazoezi ya alasiri.

Mikataba ndiyo huua miradi mingi. Msanii aliyewahi kuwa na kampuni nyingine huenda bado anafungwa na kifungu kinachomkataza kurekodi upya nyimbo za zamani kwa miaka kadhaa, na mgeni aliyealikwa jukwaani kuimba beti mbili huenda akawa mali ya lebo nyingine. Ruhusa za watunzi, wageni na wenye ukumbi zisainiwe kabla ya onyesho, kwa sababu baada ya shangwe kila sahihi hupanda bei.

Kuhusu marekebisho ya studioni, wahusika wa *Alive!* wamekiri kwamba sehemu zake zilirekebishwa baadaye, ingawa hawakubaliani ni kwa kiasi gani. Mimi huruhusu kusahihisha noti iliyokosewa au sauti iliyokatika, lakini hukataa kurudia wimbo mzima, kwani pumzi ya mwimbaji aliyetulia studioni hailingani na kelele zinazomzunguka.

Mwisho ni idadi ya nakala. Kabla ya *Alive!*, Casablanca ilisambaza kwa wingi albamu ya vipande vya kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, na nyingi zikarudishwa na maduka. Kwa hiyo kadirieni toleo la kwanza kwa tiketi ambazo msanii ameuza katika kila mji, na pale ambapo hajawahi kutumbuiza, pelekeni nakala chache.