Kocha, ulizia ya kuondoka kabla hujapanda ndege

Desemba 21, 2013 nilikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Simba ilipoifunga Yanga 3-1 kwenye Nani Mtani Jembe, mechi ya kirafiki ya watani wa jadi. Zdravko Logarušić, yule kocha Mkroatia wa Simba tuliyemzoea kwa jina la Loga, aliyewahi kuifundisha Gor Mahia ya Kenya, alikuwa ndiyo kwanza amefika. Jioni ile Msimbazi walimwimba mpaka sauti zikakauka. Agosti 9, 2014, kwenye Simba Day, tamasha la klabu la kila mwaka, ZESCO ya Zambia ikatuchapa 3-0 uwanja uleule, na Loga akafungashiwa virago wakati mkataba wake mpya haujamaliza hata miezi miwili. Wakati ule sikumwonea huruma. Nilikuwa shabiki.

Huruma ilinijia baadaye, nilipokwenda kufundisha vijana Muscat. Kwenye simu niliahidiwa nyumba, usafiri na tiketi ya kurudi. Mkataba ulikuwa karatasi mbili: mshahara na tarehe ya kuanza, basi. Tulipopoteza mechi ya nne mfululizo, mlinzi alinigongea alfajiri akitaka ufunguo. Begi langu la koni na vizibao, nilivyonunua kwa pesa yangu, lilibaki stoo kwao. Tiketi alinilipia kaka yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiitwa nje, mshahara usiwe swali lako la kwanza. Uliza: wakinifukuza nalipwa miezi mingapi? Nyumba natoka baada ya siku ngapi? Tiketi ni ya nani? Majibu yaandikwe, yasainiwe, na nakala ibaki kwa mtu wako nyumbani. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinataka mkataba wa kocha uwe wa maandishi, na kocha wa kigeni mwenye mgogoro na klabu anaweza kupeleka madai yake huko ndani ya miaka miwili. Ila bila karatasi utadai nini?

Halafu usiogope kufukuzwa kana kwamba ndiyo mwisho wa kazi. Loga huyohuyo aliiongoza Sudan kushika nafasi ya tatu CHAN 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kule Morocco, na mwaka 2020 akapewa timu ya taifa ya Zimbabwe. Huko nako aliondolewa, mwaka 2021.

Mkataba wangu wa sasa, kipengele cha kuachana kiko ukurasa wa kwanza. Nilikaa siku kumi na moja na begi limefungwa, nikisubiri kirudi na muhuri.