Hussy ni tusi la namna gani na limetokea wapi?

Msomaji wetu anasoma riwaya ya zamani ya Kiingereza, amekuta mama mmoja anamwita binti "brazen hussy". Anauliza ni tusi zito kiasi gani, na je, akitafsiri aweke malaya?

Hapana dada, usiweke malaya, utakuwa umepitiliza. Hussy ni mwanamke asiye na haya, mapepe, anayejirahisisha kwa wanaume au anayejibu wakubwa bila woga. Halimaanishi lazima anauza mwili. Siku hizi watu wanalitumia kwa utani tu, ila kwenye riwaya za zamani lilikuwa linauma kweli.

Sasa asili yake ndio inayoniumiza mimi, maana hilo neno ni housewife lilelile, mama mwenye nyumba! Kwenye karne ya 13 lilikuwa husewif, hus ni nyumba na wif ni mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa, alafu watu wakawa wanalitamka harakaharaka, w ikamezwa, f ya mwisho ikadondoka, ikabaki hussy, na wengine mpaka leo wanaitamka kwa z. Karne ya 16 bado lilikuwa jina la heshima, mwanamke anayeendesha nyumba yake vizuri. Baadaye likashuka likawa la msichana yeyote wa kawaida, hasa wa shamba, na kufika karne ya 17 tayari ni tusi. Kile kimfuko cha sindano na nyuzi walichokuwa wanabeba wanajeshi na mabaharia nacho kiliitwa housewife, kikatamkwa hazif, chenyewe hakikupata aibu yoyote.

Na angalia husband, hus yake ni nyumba ileile, mwanzo lilikuwa na maana ya mwanaume mwenye nyumba, mpaka leo linaheshimika. Mistress pia alikuwa bibi mwenye nyumba, leo ni hawara, wakati master amebaki bwana. Yani ukifuatilia haya maneno unaona kabisa jinsi jamii ilivyokuwa inawatazama wanawake, sio bahati mbaya.

Hiyo brazen inatokana na shaba, uso mgumu kama shaba usioona aibu. Kwaiyo kwenye tafsiri yako mimi ningeandika "we mtoto macho makavu we!", na kama kwenye hiyo sura huyo binti anasemwa kwa mambo ya wanaume, basi weka kiruka njia.